Kabla hujamwita keteka mwizi, kagua waya wa kamera

Nianze na swali moja tu, na unijibu kwa ukweli. Hiyo kamera iliyo juu ya geti la ploti yenu, mara ya mwisho mtu kuhakikisha inarekodi ilikuwa lini? Sisemi kuitazama ukipita na mkate na maziwa. Nasema kuingia kwa mashine, kurudisha picha nyuma hadi jana saa tisa usiku, na kuliona geti. Kama hujui, hauko peke yako. Kwetu pia hakuna aliyejua, hadi nduthi ya jirani ilipoibwa.

Ploti yetu ni ya kawaida tu, ya huku Eastlands. Ghorofa nne, kamba za nguo, tangi la maji juu, geti jeusi, na kamera nne za siri ambazo landilodi alizitaja kila alipotaka kuongeza kodi. "Hapa kuna sisitivi," alikuwa akituambia, "hapa mnalipia usalama." Asubuhi moja pikipiki ya kijana wa ghorofa ya kwanza haikuwepo. Kufuli ilikuwa chini, imekatwa. Na kijana mwenyewe alikuwa bado anailipia mkopo kila siku. Tukasongamana kwa kajichumba ka keteka kalicho chini ya ngazi, landilodi akawasha skrini. Visanduku vinne. Vitatu vilikuwa na picha. Cha nne, cha getini, kilikuwa cheusi ti.

Landilodi hakuiuliza mashine chochote. Alimgeukia keteka. "Mzee, wewe ndiye unalala na hii mashine. Nani mwingine angeizima?"

Keteka, mtu mzima mwenye watoto wa rika langu, akasema, "Mkubwa, mimi hata sijui inazimwaje." Hakuna aliyemskiza. Mimi nilikuwa pale nimekunja mikono, na nikanyamaza kama wengine. Kufikia saa sita mchana alikuwa amefunga godoro lake kwa kamba, anaelekea steji.

Ndiyo maana naandika haya. Msimamo wangu ni huu: kamera isiyofika kwa mashine yake ni pambo tu, na pambo hilo ni baya kuliko kukosa kamera kabisa. Usipokuwa na kamera, unajua huna ushahidi, kwa hivyo unaogopa kumtaja mtu. Ukiwa na kamera iliyokufa, ule weusi kwenye skrini unaugeuza kuwa ushahidi. Na mara nyingi anayebebeshwa mzigo ni yule mwenye mshahara mdogo zaidi kwa ploti.

Sasa buda, usiniambie hayo ni mambo ya mafundi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea stima, karo ikaisha kabla ya kozi. Siku hizi naandika, na mwezi ukikauka namshikia fundi ngazi. Sina cheti cha kukuonyesha. Lakini kamera ikikataa kuungana na mashine, sababu zinazorudi kila mara ni chache, na nyingi utazijua ukiwa na simu, kiti cha kusimamia na subira. Kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa vitano kwa pamoja, hata ikirudi hutajua ugonjwa ulikuwa wapi.

Anza na stima. Kamera nyingi za siku hizi zinazotumia waya hupata data na stima kwa kebo ile ile moja. Kiwango cha kwanza cha mfumo huo kilipitishwa mwaka 2003, na kinaruhusu kila tundu la mashine kutoa hadi wati 15.4. Zingine zina adapta yake ya volti 12. Utajuaje kama kamera ina uhai? Ngoja giza liingie, fungua kamera ya simu yako, hasa ile ya mbele, uielekeze kwa kamera ya ukutani. Taa zake za usiku hutoa mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni vizuri, lakini simu nyingi huuona. Ukiona vitone vyeupe au vya zambarau, kamera iko hai, na tatizo liko kwa mawasiliano. Usipoona chochote, rudi kwa stima kwanza.

Na kama kamera inafanya kazi mchana halafu inapotea usiku, usikimbilie kusema kuna mtu huizima. Usiku zile taa zinawaka na kamera inakula stima zaidi. Adapta dhaifu au kebo mbovu inashindwa, kamera inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Kwa mwenye ploti anayeangalia skrini asubuhi, hiyo inafanana kabisa na njama ya mlinzi.

Pili, kebo. Chomoa kebo ya kamera iliyokufa kwa mashine, uichomeke kwa tundu la kamera inayofanya kazi. Ikirudi, tundu ndilo bovu. Isiporudi, teremsha kamera yenyewe, uilete kando ya mashine, uiunganishe kwa kebo fupi unayoiamini. Ikiwaka hapo, kamera ni nzima, na mchawi wako ni ile kebo ndefu ya ukutani. Hiyo ni kazi ya dakika 20, na inakuepushia kununua kamera mpya ambayo nayo itakataa.

Kebo ya mtandao ina mpaka wake, mita 100. Ukipitisha hapo bila kifaa cha katikati, usishangae. Tena kuna kebo za shaba tupu na zile za aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Za pili ni rahisi kwa bei, lakini stima hupotea zaidi njiani na waya zake hukatika upesi. Fundi akikuambia "zote ni kebo tu," mwambie akwangue waya mbele yako. Ukiona weupe ndani ya wekundu, umejua unalipia nini. Na vile vichwa vya plastiki vya mwisho wa kebo vina mpangilio wake wa rangi. Ule unaotumika sana, ukishika kichwa kikuangalie kwa upande wa vyuma huku kebo ikielekea chini, kutoka kushoto ni: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Waya moja ikikosa kugusa chuma, kamera inaweza kukaa kimya kabisa.

Tatu, namba. Kila kamera ya mtandao ina anwani ya IP, kama namba ya mlango. Kamera na mashine lazima ziwe kwa ploti moja. Kwa mitandao mingi ya nyumbani, hiyo inamaanisha sehemu tatu za kwanza za namba zifanane na ya mwisho itofautiane. Kamera za Hikvision zikitoka kiwandani huwa na 192.168.1.64, na za Dahua 192.168.1.108. Sasa nunua kamera mbili za aina moja, zichomeke zote kwa swichi ya kawaida bila kubadilisha kitu. Zote mbili zinadai mlango mmoja. Moja inaonekana, nyingine inapotea, kesho zinabadilishana.

Mtego mwingine ni ruta. Umehama kampuni ya intaneti, mpya wakaleta ruta yao. Ya zamani ilikuwa inagawa namba zinazoanza na 192.168.1, hii mpya inagawa 192.168.100. Kamera zimebaki kwa mtaa wa zamani, mashine imehamia mpya. Hakuna kilichoharibika, ni vile hawaonani tu. Kama kamera zenu zinachomekwa moja kwa moja nyuma ya mashine yenye matundu ya stima, mara nyingi mashine inazigawia namba yenyewe na kero hii haikupati. Na kama zenu ni zile za zamani, za kebo ya duara na kichwa cha kuzungusha, mambo ya IP hayawahusu. Angalia volti 12, angalia kile kichwa, halafu uhakikishe kamera na mashine zinatumia aina moja ya mawimbi, maana ziko aina kadhaa na si kila mashine inazielewa zote. Za Wi-Fi nazo, nyingi hushika masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Ukiziita kwa 5 hazitakuskia.

Nne, lugha. Kamera ya kampuni moja na mashine ya kampuni nyingine zinahitaji lugha ya pamoja. Axis, Bosch na Sony walianzisha moja mwaka 2008, inaitwa ONVIF. Lakini kwa kamera kadhaa huwa imezimwa zikitoka kwa boksi, na inabidi uingie kwa mipangilio uiwashe, wakati mwingine uifungulie jina na paswadi yake. Pia kuna namna ya kubana video. Kamera mpya inaweza kuwa inatuma kwa H.265, na mashine kuukuu inajua H.264 pekee. Ibadilishe upande wa kamera, na skrini nyeusi inaweza kupata picha.

Tano ni paswadi, na hapa ndipo damu yangu huchemka. Mtu akibadilisha paswadi ya kamera bila kuiambia mashine, mashine inaendelea kubisha na ile ya zamani. Ikikataliwa mara kadhaa, kamera nyingi hujifunga kwa muda. Kwa hivyo usikisie kisie. Tafuta paswadi halisi. Na hapo unagundua hakuna anayeijua isipokuwa fundi aliyeweka kamera, ambaye simu yake haishikwi.

Fikiria hilo polepole. Mtu aliyekuja siku moja, akala chapati kwa kibanda cha mama hapo nje, akalipwa akaenda, ndiye mwenye ufunguo wa macho ya nyumba yenu. Kama alisajili mashine kwa simu yake, anaweza kuwaona mkitoka na mkirudi akiwa popote penye intaneti. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Haki hiyo ni ya mpangaji pia. Kwa hivyo siku fundi akimaliza kazi, kabla hajapokea salio, akupe mambo matatu kwa karatasi: paswadi ya mashine, paswadi za kamera, na jina la akaunti ya simu iliyosajiliwa. Halafu zibadilishe zote akishaondoka. Hiyo si kumtukana. Ukihamia keja mpya hubadilishi kufuli?

Na usiache ile paswadi ya kiwandani ukisema "nani atanitafuta mimi?" Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu orodha ya majina na paswadi za kiwandani, zaidi ya jozi 60 tu. Kamera na mashine za kurekodia zikafunguka kwa wingi, zikageuzwa jeshi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la namna hiyo lilishambulia kampuni ya Dyn huko Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Wenye kamera hizo hawakujua chochote. Na walioitunga Mirai? Vijana watatu wa Marekani, wa umri wetu huu wa miaka 20 na ushei. Walikiri makosa mahakamani Desemba 2017.

Turudi kwa ploti yetu. Siku mbili baada ya keteka kwenda, dhamiri ilinisumbua nikamwendea landilodi. Nikamwambia, "Mzee, niruhusu niangalie ile kamera. Sitaki pesa." Akanitazama vile wazee huwatazama vijana walioacha shule, kisha akanipa ufunguo.

Nilifuata mpangilio huo huo niliokupa. Simu haikuona vitone. Tundu la mashine lilikuwa zima. Kamera niliiteremsha, nikaichomeka kwa kebo fupi, ikawaka papo hapo. Nikabaki na kebo. Nikaifuata mita kwa mita juu ya ukuta hadi chini ya mabati ya geti, na hapo nikaona fundi alivyotufanyia. Kebo haikumfikia, akaiunga katikati kwa kusokota waya kwa vidole na kuzungushia selotepu. Mvua ilikuwa imeingia. Shaba imekuwa kijani, waya mbili zimekatika zenyewe.

Lakini kilichoninyima usingizi kilikuwa ndani ya mashine. Mashine hizi nyingi huandika shajara: lini zimewashwa, nani ameingia, kamera gani imepotea na saa ngapi. Mtu hujua tu kutazama picha, shajara haifungui. Niliifungua. Kwanza nililinganisha saa ya mashine na ya simu yangu, tofauti ilikuwa dakika tatu. Kisha nikatafuta kamera ya getini. Ilipotea Jumapili usiku, wiki tano kabla ya nduthi kuibwa, na haikuwahi kurudi. Nikamwita landilodi akaisoma mwenyewe. Alinyamaza muda mrefu. Jumapili hiyo keteka alikuwa ushago kwa mazishi. Landilodi mwenyewe ndiye aliyempa ruhusa.

Wiki tano. Wapangaji wa ghorofa nne, mwenye ploti, na mimi ninayejiita mjuaji wa mambo ya stima, hakuna aliyeangalia ile skrini hata mara moja. Kebo mpya, nzima bila kiungo, na vichwa vyake viwili, gharama yote haikufika bei ya tairi moja ya nduthi.

Usidhani kuona picha ya sasa kunatosha, pia. Kamera inaweza kuonekana vizuri na isirekodi, kwa sababu hadi diski imekufa au haikuwahi kutayarishwa. Mashine ikilia pii, pii, usimwambie keteka aizime sauti, sikiliza inalia nini. Na piga hesabu ya nafasi. Kamera moja inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 43 kwa siku. Nne zinakula karibu 173, kwa hivyo diski ya terabaiti 1 inajaa kwa siku sita hivi, halafu inaanza kufuta za zamani. Ukigundua wizi wiki ya pili, umechelewa. Nakili mapema.

Na saa ya mashine iwe sawa, hasa baada ya stima kupotea. Mkifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, ina masharti yake kuhusu rekodi za kielektroniki, yakiwemo cheti kinachoeleza rekodi ilitolewaje na kwa kifaa gani. Video yenye tarehe ya mwaka ambao nduthi ilikuwa haijanunuliwa itawachekesha mawakili tu.

Najua kuna atakayesema kazi hii ni ya mwenye ploti, yeye ndiye anakula kodi. Ni kweli, na mkimbana nitawaunga mkono. Mwekeni kwa kikundi chenu cha WhatsApp, kila Jumapili mtu mmoja atume picha ya skrini ikionyesha kamera zote na rekodi ya usiku uliopita. Lakini usingoje landilodi aanze. Yeye halali pale. Kitu kikiibwa ni chako, na atakayeshukiwa ni jirani yako, au keteka, au siku moja wewe, kwa sababu ulionekana ukirudi saa nane usiku.

Mnataka kujua mwisho wa keteka wetu. Landilodi alimpigia simu mbele yangu. Alianza na salamu ndefu, akauliza habari za watoto, kisha akasema kulikuwa na makosa, arudi kazini. Alimtumia na mshahara wa nusu mwezi aliobaki akimdai. Keteka alishukuru kwa adabu. Akasema amepata kibarua cha mjengo, atakaa huko huko. Hakutukana mtu. Kisha akauliza kitu kimoja tu: kama watu wa ploti wameambiwa.

Tulikuwa hatujaambiwa. Niliwaambia mimi, kwa kikundi, jioni hiyo, pamoja na picha ya ile shajara. Wawili waliweka alama ya kulia. Wengine walisoma wakanyamaza, kama nilivyonyamaza mimi siku ile chini ya ngazi.

Kwa hivyo leo, kabla hujalala, shuka chini. Omba kuona skrini, rudisha nyuma hadi saa tisa ya jana usiku. Ukiona weusi, usimwangalie keteka. Anza na stima, kisha ufuate waya.